Mama anampa mdogo wangu hela ya kete. Nimwambie baba?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Temeke na wazazi wangu na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 23. Mdogo wangu ni teja. Nimeliandika hivyo hivyo kwa sababu nyumbani halitamkwi, tunasema "anaumwa".

Alianza bangi alipokuwa akipiga debe stendi. Wenzake wakamwekea unga, yaani heroini, kwenye msokoto, wenyewe wanaita kokteli, na sasa ni unga mtupu. Anaapa kwamba anavuta tu, hajidungi. Lakini siku hizi anavaa mikono mirefu, na joto la Dar unalijua.

Kilichonifanya niandike ni mama. Mama anauza vitumbua. Zamani alikuwa analoweka mchele kilo tano, mwezi uliopita nikaona kilo mbili. Nikadhani wateja wamepungua. Juzi alfajiri natoka kumsaidia, namkuta uani anamhesabia mdogo wangu sarafu kiganjani.

Nilipomuuliza alinivuta jikoni. "Akishikwa na arosto ataiba. Akiiba watamchoma moto. Unataka nimzike mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Mwaka jana mtaa wa pili kijana alipigwa mpaka akafa, kisa mtungi wa gesi. Mama alikwenda kukaa matanga, akarudi kanyamaza. Nadhani hizo hela zilianza siku ile.

Nimeshakwenda kuulizia methadone, dawa ya hospitali ya kumsaidia mtu aache unga. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na siku hizi hapa Temeke ipo. Ni bure, anakunywa kila siku mbele ya nesi, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inatulia. Ila ni kila siku kweli, pengine miaka, na lazima mwenyewe akubali. Nesi alinionya pia kwamba akinywa dawa kisha akaongezea unga juu yake, anaweza kulala asiamke.

Mdogo wangu amekubali mara mbili, Shangazi. Mara zote mbili, asubuhi ya kwenda, nimemkuta ameshavuta, anasinzia kibarazani huku amesimama. Hela ya mama ilimuwahi kabla yangu. Mtu aliyeshatuliza arosto utamwambia nini kuhusu kliniki?

Mjomba anataka apelekwe soba hausi Bagamoyo, nyumba ya kukaa mateja wanaoacha. Kule kuna ada ya kila mwezi, na mtaji wenyewe ndio huo kilo mbili. Baba yeye anasema methadone ni unga wa serikali, bora polisi. Akijua kuhusu hizi hela, namjua, atamfukuza mtoto siku hiyo hiyo, na mama atafungasha amfuate.

Kuna wazo linanijia usiku: nimwombe mama hela nizishike mimi, mdogo wangu asipewe kitu mpaka atoke kliniki. Kisha nakumbuka maneno ya nesi, naona nitakuwa mimi ndiye ninayemuua, tena kwa utaratibu mzuri.

Nimwambie baba, au nipambane na mama kimya kimya? Na mama mwenye hofu kama hii anaambiwaje aache, kwa maneno gani?

Naomba unijibu mapema. Ijumaa ni zamu ya mama kupokea mchezo.

Dada mtu, Temeke