Mtoto mwenye sukari anapochanganya "six" na "dix"

Mzazi akituletea sisi tunaopima usikivu mtoto mwenye ugonjwa wa sukari na kusema hasikii vizuri, tunaanza na glukometa, yaani kifaa cha kupima sukari ya damu. Sukari ikiwa chini ya 70 mg/dl mtoto anatetemeka, akili inahama, hawezi kungojea mlio mdogo, na karatasi ya kipimo itamtoa kiziwi wakati masikio ni mazima. Apewe sukari kwanza: mwenye kilo 30, gramu 9 hivi, sawa na vijiko viwili vya chai ndani ya maji. Baada ya dakika 15 tunapima tena. Sukari ikipita 250, kipimo cha masikio kitangoja siku nyingine.

Kisha tunachungulia ndani ya sikio. Nta iliyoziba na maji nyuma ya ngoma ya sikio huwasumbua watoto wengi, wenye sukari na wasio nayo, na vyote vinatibika. Tafadhali, mama, usichokonoe kwa kijiti wala kumwaga mafuta ya moto. Sukari ikiwa juu, kidonda kidogo cha sikioni kinachelewa kupona na kinaingiza vijidudu haraka.

Sukari yenyewe inaharibu polepole. Sikio la ndani linalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa na neva ya kusikia vinadhoofika. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, kwenye hezi 4000 hadi 8000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi). Kwa hiyo mtoto anaitika ukimwita na redio anaisikia, lakini "s", "f" na "t" zinamponyoka. "Kisu" kinakuwa "kitu". Darasani mwalimu anasema kwa Kifaransa "six" (sita), yeye anasikia "dix" (kumi), anaandika 10, anaitwa mvivu. Kupiga makofi nyuma yake uone kama anageuka hakuonyeshi kitu. Anahitaji kipimo cha kila sauti peke yake, kuanzia hezi 250, na akiwa na miaka mitatu hadi mitano tunampa vipande vya mbao, anatumbukiza kimoja kwenye boksi kila akisikia mlio.

Kwa watoto, upungufu unaotokana na sukari huwa mdogo. Ukiwa mkubwa, au umekuja ghafla, tusiusingizie sukari. Tunauliza kama alichomwa jentamisini (dawa ya kuua vijidudu), ambayo inaweza kuua usikivu usirudi tena, au kama alipewa kinini (dawa ya malaria), inayoleta mlio masikioni ambao mara nyingi unaisha dawa ikikoma. Tunauliza pia kama mama na ndugu zake wana sukari pamoja na uziwi, maana kuna aina inayopitia upande wa mama. Macho nayo yakififia, muganga (daktari) afikirie ugonjwa wa Wolfram, ugonjwa wa kurithi unaoleta sukari, kufifia kwa macho na uziwi pamoja. Kusikia kukipotea ghafla, usingoje miadi: nenda kwa muganga siku hiyohiyo.

Akihitaji aparei ya kumsaidia kusikia, betri namba 13 ibanduliwe karatasi na ipigwe hewa dakika moja kabla ya kufungwa ndani. Usiku, hasa majira ya mvua hapa Bukavu, aparei ilale kwenye kopo lililofungwa lenye chembe za kukausha unyevu.

Mkija, leteni kaye (daftari) ya vipimo vya sukari na majina ya dawa zote alizochomwa.