Kabla hujalipia kiwanja cha Mbagala

Mwanangu,

Dada yako kanifikishia salamu, pamoja na habari ya kiwanja. Bei kaitaja vizuri. Nikamuuliza mto Kizinga uko hatua ngapi kutoka hapo, akanyamaza.

Kwa umri wako mimi sikuwa na hata tofali, na wewe umeweka akiba kwa ufundi wako mwenyewe. Nimefurahi sana. Ila hukuniuliza, na mimi ndiye niliyekaa Magomeni Suna miaka thelathini. Dalali atakwambia maji hayafiki. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo. Mto wetu, Msimbazi, unashuka kutoka Pugu. Mvua ikipiga huko juu, kwetu chini Jangwani jua linawaka na mto unakuja. Tukiona maji yamekuwa mekundu na matawi mabichi yanaelea, tunanyanyua magodoro. Je, huo mto wa kwako unajua ukoje?

Ya mafuriko ya Desemba 2011 sikukumbushi. Ila uliwahi kuuliza kwa nini wenzetu walijenga Mabwepande, tulikopewa viwanja baada ya mafuriko, sisi tukarudi bondeni, nikakujibu ni mbali na Kariakoo. Mbali ni kweli, nauli ilinishinda. Suna ulikuwa unakwenda sokoni kwa miguu, chumba rahisi, mchicha unachumwa mtoni. Mgeni wa bara alianzia pale akapata pa kusimama. Lakini kiwanja kile cha Mabwepande nilikiuza kabla sijakifyeka, na fedha yake sina cha kukuonyesha. Nyumba yetu ya bondeni ilipopigwa X nyekundu ya kubomolewa mwaka 2015, aliyehama shule ni wewe.

Sasa mradi wa bonde la Msimbazi umelipa fidia, majirani wametawanyika, patajengwa daraja refu na bustani. Nilipita juzi kwa mwendokasi nikashindwa kujua mlango wetu ulikuwa wapi.

Usiende kukiangalia kiangazi hiki. Nenda masika. Tazama kuta za jirani kama zina mstari wa tope, na umuulize mama ntilie wa pale, dalali muache. Kama wamejaza kifusi, ondoka.

Mama yako anasema lile kabati lililolowa limegoma kufunga kabisa, uje na randa. Kuku wawili wametaga. Luku imeisha jana, usitume fedha, nimeshanunua.

Na hiyo ya kiwanja usitoe hata ya utangulizi mpaka unipeleke nikauone huo mto. Jumapili nipo.

Baba yako