Daktari wetu wa kisiwani hajapotea njia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji wa Mombasa aliyeandika wiki iliyopita kwamba kumweka daktari mwenye shahada kwenye kituo cha afya cha kisiwani ni kuitupa taaluma baharini. Ushauri wake ni kwamba madaktari wote wa Lamu wakusanywe kwenye hospitali zenye chumba cha upasuaji, na visiwani wabaki wauguzi, maafisa wa kliniki na boti moja nzuri ya ambulansi. Mgonjwa akizidiwa, apakiwe, aletwe.

Mimi ni nahodha. Hiyo "apakiwe, aletwe" ndiyo kazi yangu, kwa hiyo bwana huyu ananitafutia riziki, na bado sikubaliani naye. Niko Lamu Mashariki. Kisiwa chetu sikitaji kwa jina, maana daktari ni mmoja tu na ukikitaja kisiwa umemtaja yeye, naye mambo ya kuandikwa gazetini hayapendi kabisa. Itoshe kusema ni mwanamke, mtu wa bara, na kila kusi ikivuma bado anatapika kwenye boti yangu kama siku ya kwanza.

Nianze na bahari, kwa sababu barua ile imeisema bahari kama vile ni barabara ya lami. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, maji ya pwani yetu hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Saa nne ya usiku mbele ya kituo chetu huoni maji, unaona tope na mikoko na boti zimelala ubavu. Kumfikisha mtu kwenye kina ni kumbeba kwa machela, vijana wanne, tope limewafika magotini, na mmoja akiteleza wote wameteleza. Maji yatarudi, hilo halina shaka, ila yatarudi kwa saa zake. Boti yangu huelea tena ikifika kiasi cha saa saba ya usiku. Hapo hujazungumza upepo. Kaskazi ina huruma. Kusi ya mwezi wa saba haina. Nikishaingia mlango wa Mkanda, nyuma ya kisiwa cha Manda, nashusha pumzi, lakini kabla ya Mkanda kuna vipande vya maji wazi ambapo chombo hupigwa ubavuni na kila aliye ndani hulowa mpaka mfupa. Na hapo ni kufika Lamu tu. Ikibidi mgonjwa aende Mombasa, anavushwa mpaka Mokowe, upande wa bara, na kuanza gari, zaidi ya kilomita 300.

Sasa nieleze usiku mmoja, kisha msomaji wa Mombasa ahukumu mwenyewe.

Mama alikuwa na uzazi wa sita. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma likatoka zima, kisha damu ikakataa kukata. Ilikuwa bamvua, saa nne kasoro usiku, kusi iko juu. Nikapigiwa simu, nikafika na galoni la petroli begani. Wanaume tulikaa nje juu ya ukuta, mume wa yule mama katikati yetu, hatuongei. Ndani ilisikika sauti ya daktari peke yake, naye hakuipandisha hata mara moja.

Yaliyofanyika ndani nilisimuliwa na shemeji yangu, ambaye ni muuguzi pale, na ruhusa ya kuyaandika nimeiomba kwake na kwa mama mwenyewe. Walikuwa wameshampa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Hiyo dawa inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, ikishapigwa na joto letu inabaki maji tu ndani ya kichupa. Friji yetu inaendeshwa na sola, na daktari huandika joto lake asubuhi na jioni kwa mkono wake, akichelewa mtu kumletea kile kidaftari utamsikia. Wakaongeza vidonge vya misoprostol chini ya ulimi, ambavyo havidai baridi. Wakamtia mshipani dawa ya kusaidia damu kuganda, ambayo inatakiwa iingie ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, zikipita haina faida tena. Damu ikapungua. Haikukata.

Hapo daktari akaagiza kondomu. Mhariri, ukiona neno hili halifai ukurasa wako, nakuomba uliache, kwa sababu ndilo lililobaki kati ya yule mama na kaburi. Aliichukua ile kondomu akaifunga kwa uzi kwenye ncha ya mpira wa mkojo, akaupitisha mpaka ndani ya mfuko wa uzazi, kisha akaanza kuujaza maji ya dripu kwa bomba la sindano, bomba baada ya bomba. Shemeji alishika tochi ya simu kwa mkono mmoja na kuhesabu mabomba kwa sauti. Kondomu ikavimba ndani, ikaisukuma mishipa iliyokuwa ikivuja, ikaikandamiza. Damu ikasimama.

Akatoka nje, kanzu yake ya kazi imelowa, akaniuliza, "Nahodha, tunaelea saa ngapi?"

"Saa saba, dakta."

"Basi saa saba. Sasa hivi hapana."

Mume akainuka. Alitaka amchukue mkewe mikononi, avuke naye lile tope, yeye mwenyewe. Daktari akamshika bega akamketisha: "Kaka, huko baharini kuna baridi na maji. Nikimtoa sasa atapoa, na damu ya mtu aliyepoa haigandi. Mwache apate joto kwanza." Akarudi ndani akaagiza mablanketi kutoka nyumba za jirani, yakaja mengi kuliko yaliyohitajika, moja lina manukato ya udi kama la bi harusi.

Saa saba tukapakia. Dripu tuliifunga kwenye upondo, turubai tukalitandaza juu ya mama, na daktari akakaa sakafuni kando yake, mkono juu ya tumbo la mgonjwa, na ule mwingine umeshika ndoo ya kutapikia. Ya kwake, si ya mgonjwa. Kabla hatujaondoka alikuwa ameshapiga simu hospitali ya Lamu kuwaambia kundi la damu, na ndugu wa mama walioko mtaa wa Langoni, mjini Lamu, wameshaamshwa waende kutolewa damu. Alfajiri tulifunga gatini. Mama yu hai, na mtoto sasa anakimbia.

Kwa mpango wa msomaji wa Mombasa, yule mama angebebwa saa ileile ya nne, kwenye tope, damu inamwagika, akalazwa ndani ya boti nzuri ya ambulansi iliyolala ubavu kungojea maji. Mimi ningefika Lamu na maiti.

Atasema: mbona kazi hiyo hata muuguzi angeweza? Kweli, na shemeji leo anaiweza, maana daktari amewafundisha wote pale kituoni, wakirudiarudia kwa chupa ya plastiki mpaka mikono ikazoea. Mimi siwadharau wauguzi wala maafisa wa kliniki. Watoto wangu wote wamepokewa na mikono yao. Lakini aliyewafundisha yuko hapa, analala hapa, na yakiharibika anaamshwa yeye. Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013 tumeona semina nyingi za siku mbili hotelini. Semina haiamshwi usiku.

Kuna jambo jingine ambalo barua ile isingeweza kuliona, na sidhani hata wanaokusanya ripoti wanaliona. Sehemu kubwa ya kazi ya daktari huyu ni vitu ambavyo havitokei. Ana mashine ndogo ya skeni, ya kubeba mkononi. Mama mjamzito akipimwa, na ikaonekana kondo limekaa mlangoni mwa mfuko wa uzazi, daktari hasubiri damu. Anamwita mume, anamwita mama mkwe, anawaeleza kwamba huyu hawezi kuzalia hapa, atafute jamaa wa kukaa naye Lamu tangu mwezi wa nane wa mimba. Kisha ananiuliza mimi siku yenye maji mafu, yasiyopwa sana, na upepo mwanana. Nimewabeba akina mama hao mchana wa jua, wamekaa juu ya magodoro yao, wanakula mahamri na kunicheka mashine yangu ya Yamaha ilivyo na kelele. Kwenye karatasi hiyo inaandikwa rufaa ya kawaida. Mtu wa ofisini akijumlisha mwisho wa mwaka ataona kisiwa chetu kina dharura chache, na atauliza tunataka daktari wa nini.

Au chukua sukari, ambayo pwani hii imetuingia nyumba kwa nyumba. Zamani mwezi wa Ramadhani ulikuwa na maafa yake: wazee wanafunga na kumeza dawa kama kawaida, saa tisa alasiri mtu anaanguka barazani. Daktari huyu, ambaye si Mwislamu, alikwenda mwenyewe kwa imamu kabla ya Ramadhani yake ya kwanza hapa. Sasa kila Shaabani wagonjwa wa sukari huitwa kituoni, imamu ameketi pembeni, na kila mmoja hupangiwa dawa zake upya, zipi za futari na zipi za daku. Wengine, hasa wanaojidunga insulini, huambiwa wazi wasifunge, na imamu huongezea maneno yake ili mtu asione haya. Wanaofunga wameambiwa wakipima na kukuta sukari iko chini ya 4 wafungue hapohapo, hata ikibaki dakika kumi magharibi iingie. Ami yangu mmoja alibisha sana juu ya zile dakika kumi. Imamu alimmaliza, si daktari.

Ya wavuvi sitayarefusha. Anayechomwa na mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, huchovywa mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, saa nzima na zaidi, kwa kuwa sumu ile haipatani na joto. Kisha daktari hutafuta vipande vya mwiba vilivyokatikia ndani, akampiga sindano ya pepopunda na kukiacha kidonda bila kukishona. Kesho yake mtu yuko nyumbani. Kupelekwa Lamu kungemla mafuta ya boti ya wiki nzima ya uvuvi.

Sisemi daktari huyu ni malaika. Ni mkali. Ukimletea mgonjwa aliyezungushwa kwa waganga watatu atakusema mbele ya watu, na mara nyingine huwasema wasiostahili. Mimi na yeye tulishakosana juu ya pesa za petroli, tukanuniana, na mgonjwa aliyefuata akatupatanisha bila kujua. Ila watu wangu wanajua tofauti ya kuwa naye na kutokuwa naye. Shirika la Safari Doctors la Umra Omar, binti wa Lamu, hufika kwa boti vijiji ambavyo wengi wenu hamjavisikia, na tunawaombea dua. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba wakagawiwa kaunti zote, na mwaka 2023 mkataba ule ukasitishwa. Kliniki inayokuja na kuondoka ina faida yake, na bingwa aliyeko hospitali kubwa ana faida yake. Anayejua kwamba mama fulani wa nyumba ya tatu kutoka msikitini alitoka damu nyingi kwenye uzazi wa nne ni yule anayekaa.

Mambo ya SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, nayaacha, hayo yana barua yake.

Nimeandika kwa sababu uvumi umefika kisiwani kwamba anahamishwa. Wala sisemi afungwe hapa maisha. Ana watoto wanaosoma bara, ana haki ya kwenda kusomea ubingwa kama wenzake, na mtu hawezi kuamshwa kila usiku miaka na miaka peke yake bila wa kumpokea zamu. Paa la nyumba aliyopewa linavuja, mvua za masika zikija husogeza kitanda. Ninalowaomba wenye kuhamisha ni kwamba barua ya kumwondoa isije kabla ya yule mwingine kushuka gatini. Wakae pamoja, na wakae nyakati za kusi, si za kaskazi ambapo kila kitu ni rahisi. Huyo mpya alale hapa bamvua mbili tatu, apigiwe simu saa nne ya usiku, aone lile tope, aonyeshwe kidaftari cha friji na ajuane na imamu. Na ikiwezekana wawe wawili moja kwa moja, wapokezane.

Mafuta ya kumleta huyo wa pili nitaweka mwenyewe. Ya magodoro na vyombo vyake tutaelewana.

Nahodha,
Lamu Mashariki