Barua kwa mwanangu: uliza jimbo kabla hujalipa ada

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umefika. Nimefurahi kusikia umepata nafasi ya kusomea unasihi wa shule, tena kwa njia ya mtandao huku ukiendelea na kazi. Umenieleza ada, miaka ya masomo, hata siku za vipindi. Ila kuhusu jimbo hukusema neno. Jimbo unalotaka kufanyia kazi linaitambua programu hiyo?

Hapo ndipo usingizi wangu unapokatikia. Huko Marekani hakuna leseni moja ya mnasihi wa shule za umma inayokubalika nchi nzima. Kila jimbo lina masharti yake na mamlaka yake ya elimu ya kutoa kibali. Shahada ya kwanza kwa kawaida haitoshi, wanataka ya uzamili, na hilo unalijua. Lakini kuwa na uzamili ni jambo moja, na kuwa na uzamili unaokubalika pale unapoishi ni jambo jingine. Usiniambie wameandika kwenye tangazo lao kwamba "wahitimu hupata leseni". Leseni ya wapi? Tangazo limeandikwa na anayesubiri ada yako. Waandikie watu wa jimbo wenyewe, wakujibu kwa maandishi, na jibu hilo ulihifadhi.

Uliza pia kama programu ina ithibati ya CACREP, chombo cha huko kinachokagua programu za unasihi. Si majimbo yote yanayoilazimisha, ila ukiwa nayo njia huwa nyepesi, hasa ukija kuhamia jimbo jingine. Programu zenye ithibati hiyo zinadai krediti zisizopungua 60. Kuna mazoezi ya awali ya saa 100, na saa 40 kati ya hizo uwe unahudumia watu moja kwa moja. Baadaye yanafuata mafunzo kazini ya saa 600, na 240 ni za kuhudumia moja kwa moja. Hizo hutazimaliza usiku baada ya kazi, maana wanafunzi wako shuleni mchana. Mwajiri wako umeshamwambia? Na shule ya kukupokea ataitafuta nani, wewe au chuo? Msimamizi wako huko shuleni lazima awe na sifa zinazotakiwa, kwa hiyo tunarudi palepale: uliza jimbo.

Mtihani sikuogopei. Majimbo kadhaa hutumia Praxis, mengine yana wa kwao, na wewe mitihani hujawahi kuikimbia. Alama za vidole na uchunguzi wa rekodi ya uhalifu ni lazima kwa anayefanya kazi na watoto, usichukulie kama dharau.

Kazi yenyewe inakufaa, nasema hivyo mbele ya yeyote. Una subira ya kumsikiliza mtoto mpaka afike kwenye lile lililomleta. Utaihitaji. Chama chao cha wanasihi wa shule, ASCA, kinapendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi zinampa zaidi ya hao. Siku moja utapanga masomo ya huyu, utajaza fomu za chuo za yule, halafu ataingia aliyefiwa. Na mtoto akikwambia anaumizwa nyumbani, hiyo si siri ya kumtunzia. Sheria inakutaka utoe taarifa. Mwambie mapema, kabla hajaanza kusema, ili asione umemsaliti.

Lakini subira unayowapa watoto wa watu, karatasi huzipi. Barua za ofisi unazisoma mstari wa kwanza tu. Nimesema mara nyingi na nitasema tena.

Vyeti vyako viko kwenye bahasha kabatini, nimeviweka mbali na maji kwa sababu paa la chumba chako bado linavuja. Mdogo wako amehamia humo hata hivyo, usimgombeze. Baba yako anataka kujua kama wanahitaji nakala halisi ya matokeo au picha inatosha, maana nakala halisi inachukua muda kuipata. Nilipie nini kwanza, nakala au fundi wa paa? Nijibu hilo. Ada usiitume mpaka jimbo liwe limekujibu, hata kama siku ya mwisho ni kesho. Waombe wakuongezee muda.

Mama yako