Barua kwa Wazazi: Matembezi ya Likizo ya Juni, Amani na Mto Zigi

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Tanga.

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: ZIARA ZA LIKIZO KATIKA BUSTANI YA MIMEA YA AMANI NA KANDO YA MTO ZIGI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Muhula wa kwanza umefikia ukingoni na mtoto wako atakabidhiwa ripoti yake siku ya kufunga shule, kwa hiyo sitazungumzia alama katika barua hii. Walimu wa madarasa wataeleza hilo vizuri zaidi kuliko mimi. Ninachoomba tukubaliane ni namna ya kuzitumia siku za likizo, hasa kwa wanafunzi wa Darasa la Tano na la Sita, ambao shule imewaandalia ziara mbili za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: ya kwanza ni ya Bustani ya Mimea ya Amani, wilayani Muheza, na ya pili ni matembezi ya miguu kando ya Mto Zigi, upande wa Amboni.

Ziara hizi zimepangwa pamoja kwa sababu ya maji. Mto Zigi huanzia katika misitu ya milima ya Usambara Mashariki, inakokaa Amani yenyewe, ukateremka hadi Bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo yanayosafishwa na kuletwa katika mabomba yetu hapa mjini. Mwalimu wa sayansi alipowauliza wanafunzi maji ya bomba yanatoka wapi, wengi walijibu kuwa yanatoka kwenye tangi, na mmoja akaitaja ofisi anakolipia bili baba yake. Majibu hayo si ya kuchekwa, maana hata sisi watu wazima aghalabu huukumbuka mto pale tu mgao unapotangazwa.

Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 ikiwa sehemu ya kituo cha utafiti wa kilimo, nao walipanda humo miti na mazao kutoka Asia, Amerika na kwingineko ili kujua ni yapi yangestawi katika koloni lao. Hadi leo mtoto anaweza kuvunja jani la mdalasini, akalifikicha kiganjani na kulinusa, kisha akasogea kwenye mkafuri akafanya vivyo hivyo na kutofautisha harufu hizo mbili akiwa amefumba macho. Atauona pia mkwinini, ambao magome yake yalitumika kutengeneza dawa ya malaria papo hapo Amani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale askari wa Kijerumani walipokuwa wamekatiwa njia za kupata mahitaji kutoka kwao. Somo la historia lenye gome la kushika mkononi halihitaji maelezo mengi ya mwalimu.

Si kila kilichopandwa pale kilileta heri. Mti uitwao mhesi, ambao asili yake si milima hii, ulitoka katika mashamba ya majaribio ukaenea msituni, kwani hondohondo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, na katika sehemu zilizokatwa miti umeishika nafasi ya miti ya asili. Kwa upande mwingine, ua dogo la zambarau linalouzwa katika vyungu huko Ulaya na Marekani, ambalo wataalamu walilipa jina la Saintpaulia mwaka 1893 kutokana na ofisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao, asili yake ni huku kwetu. Huota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli, na majani yake yana vinyweleo laini vinavyoonekana vizuri mtoto akichuchumaa na kulitazama kwa karibu bila kulichuma. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na hakuna ruhusa ya kutoka na jani, mbegu wala kinyonga mfukoni.

Matembezi ya Zigi yatakuwa mafupi na ya gharama ndogo. Wanafunzi watafuata kingo za mto karibu na Amboni, watapita kwenye chemchemi za maji moto za Galanos zenye harufu ya kiberiti, na watalinganisha rangi ya maji ya mto na ya chupa walizojaza bombani kwao asubuhi. Hapo ndipo walimu watakapoeleza jinsi uchimbaji wa dhahabu kwenye vijito vya juu, na kilimo kinachokaribia mno kingo za mto, vinavyoweza kumfikia mtu aliyekaa Chumbageni au Ngamiani, hapa mjini, akisubiri ndoo ijae. Hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuingia mtoni, kwa sababu ya kichocho na ya mkondo wa maji.

Najua baadhi yenu mmekwisha kulipia twisheni ya likizo nzima. Sina ugomvi na twisheni, ila naomba siku hizi mbili ziachwe wazi, kwa kuwa mtoto anayekariri sehemu za mmea mwezi mzima bila kugusa mmea hujibu mtihani wa kukariri tu.

Kwa Amani, basi litaondoka shuleni saa 12:00 asubuhi. Amani iko juu, na mwezi Juni kuna baridi na mvua hunyesha bila kutarajiwa, hivyo mtoto avae sweta na viatu vya kufunika mguu, kwani siafu hawachagui. Chakula kifungwe kwenye hotipoti au kopo lenye mfuniko. Mvua ikiwa kubwa, barabara ya kupanda kutoka Muheza huteleza, nasi tutaahirisha safari kuliko kubahatisha kwenye kona zile.

Mchango wa nauli na kiingilio ni wa hiari na umejadiliwa na kamati ya shule. Mzazi asiyejaliwa kwa sasa afike ofisini tuzungumze, na mtoto wake hatabaki nyuma. Fomu ya kibali iliyoambatanishwa ijazwe, isainiwe na kurejeshwa kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku ya kufunga shule, ikiwa na maelezo ya ugonjwa wowote alionao mtoto, hususani pumu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu