Namba 26 na namba 17

Elizabeth, New Jersey
12 Februari 2025

Swahiba wangu,

Salamu nyingi, na shemeji mpe zake. Sisi wazima, ila baridi inatutesa. Asubuhi ya leo nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, maana kikwangulio chenyewe mwanao kakifanya upanga na hasemi kakificha wapi.

Nakuandikia barua badala ya kukurekodia sauti kwa sababu nikianza kulisema hili utanikatiza ucheke. Unakumbuka Machi mwaka jana nilivyokupigia usiku wako wa manane? Nikakwambia, "Katuacha, kaenda kwa watani." Ukauliza nani kafa. Nikakwambia hajafa mtu, ni Saquon Barkley, yule mchezaji wetu wa Giants kwenye mpira wa Kimarekani, kahamia Philadelphia. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Mtu mzima na ndevu zako unamlilia aliyebadilisha kazi?" Haya. Hata miezi minne haikutimia, tarehe 1 Julai Yanga wakamtambulisha Chama, kiungo wenu wa Simba. Ile sauti yako ya dakika saba bado ninayo kwenye simu na siifuti. Dakika mbili za mwanzo husemi kitu, unahema tu.

Sasa Jumapili iliyopita yule wa kwetu kabeba ubingwa, tena na hao hao watani. Siku tatu ninayo moyoni na kazini hakuna wa kunielewa, kila mtu anaugulia yake.

Kwanza nikunyooshee jambo moja, maana wewe siku zote ulidhani ni beki wa kukaba. Raningi beki ni jina tu. Huyu ni mtu anayekabidhiwa mpira mkononi akaambiwa pita hapo katikati, na hapo katikati wanamsubiri wanaume wa kilo mia na arobaini. Fikiria unashuka daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, umati unapanda, ila hao wanaopanda wamelipwa wakuangushe. Na unashuka hivyo mara ishirini kwa siku. Wanampimia kwa yadi, ambayo haifiki mita. Akipata nne kila akipewa mpira, watu wanaridhika. Akifikisha elfu kwa msimu, heshima.

Giants walimchukua 2018, wa pili katika ule mgawo wa vijana wanaotoka vyuoni. Mwaka huo huo Chama akatua Msimbazi, na mimi nikatua Newark na begi moja. Mechi yangu ya kwanza kuitazama ilikuwa ya Septemba, sebuleni kwa yule jamaa wa Tanga aliyenipokea. Sikuelewa kitu. Watu wanasimama, wanaanguka, matangazo, wanasimama tena. Halafu mtu mwenye namba 26 mgongoni akatoka kwenye lile rundo kama sabuni inavyoponyoka mkononi, akakimbia yadi 68 hakuna wa kumshika. Nikasimama, chai ikamwagika kwenye zulia la watu. Toka siku ile mimi ni wa Giants.

Msimu ule alipita yadi 1,307 kwa miguu, na ukijumlisha mipira aliyodaka zinakuwa 2,028. Wakampa tuzo ya chipukizi bora wa mashambulizi. Septemba 2020, kule Chicago, goti likakatika. Tukamsubiri. 2022 akarudi na yadi 1,312, akatufikisha kwenye mtoano, tukawafunga Minnesota kwao. Hiyo miaka mingine katikati niiruke, timu ilikuwa mbovu na huna unachokosa.

Hapa ndipo nataka unisikilize, kwa sababu ndipo mimi na yule mzee wa kazini tunapogombana. Machi 2023 ofisi ya Giants ilimpa kwotabeki, yule anayerusha mipira, Daniel Jones, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 160. Saquon wakamfunga kamba. Ligi ile ina kanuni kwamba mkataba wako ukiisha, klabu inaweza kukuzuia mwaka mmoja zaidi kwa bei iliyokwisha pangwa, upende usipende. Kwake ilikuwa kama milioni 10. Usinicheke, najua ni hela nyingi, lakini mtu mwenye kazi ile anahesabu miaka yake kama mshumaa. Wakubwa wote wa ligi wanaamini raningi beki akishagusa miaka 27 au 28 miguu imekwisha, kwa hiyo wanamtumia akiwa mbichi na kumwachia akianza kudai chake. Akasusa mazoezi kidogo, wakamwongezea vijisenti, akarudi kucheza.

Machi 2024 hawakumfunga tena, wakaacha mlango wazi. Meneja wao, Joe Schoen, akamwambia aende sokoni akaone bei yake. Haya si maneno ya kijiweni, kamera zilikuwa ndani ya ofisi yao na kiangazi kile tukayaona kwenye televisheni. Mwenye timu mwenyewe, mzee John Mara, anamwambia Schoen kwamba Saquon akienda Philadelphia yeye atapata shida kulala. Swahiba, mwenye duka anamlalamikia muuza duka kwamba mali ikitoka hatalala, na ufunguo anao yeye mfukoni!

Philadelphia wakaja na miaka mitatu, milioni 37.75, na 26 kati ya hizo za uhakika hata akivunjika kesho. Kutoka hapa mpaka kwao hakufiki Dar hadi Morogoro. Tuko kundi moja, tunakutana mara mbili kila msimu. Na huyu kijana alizaliwa Bronx lakini kakulia Pennsylvania, karibu na huko huko, hivyo kwake ilikuwa kama anarudi nyumbani na mshahara umepanda.

Basi watu wakachoma jezi. Wanaimwagia mafuta kwenye jiko la kuchomea nyama nyuma ya nyumba, wanajirekodi. Tiki Barber, aliyekuwa raningi beki wetu zamani na ndiye mwenye rekodi ya yadi nyingi kuliko wote Giants, akasema redioni kwamba Saquon kwetu sasa ni maiti. Saquon akamjibu kwa hasira mtandaoni. Wiki nzima ilikuwa hivyo.

Ghalani kwetu kuna mzee mmoja wa foklifti, baba yake alikuwa akimpeleka kuwaangalia Giants enzi wanachezea Yankee Stadium. Kwenye mlingoti wa foklifti yake alikuwa amebandika stika ya 26. Zamu ya usiku ule niliingia nikamkuta amepiga goti, anaibandua kwa wembe wa kukatia maboksi, taratibu, kona moja baada ya nyingine, kama mtu anayetoa plasta kwenye kidonda cha mtoto. Nilidhani ataitupa. Akaenda kuibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, upande usioonekana, akafunga. Akaniambia mchezaji aliyelelewa na klabu angekubali pungufu. Nikamwambia, mzee, mimi 2022 niliacha ghala la kwanza nikaja hapa kwa dola mbili zaidi kwa saa, na hakuna aliyechoma kizibao changu. Akasema hiyo ni tofauti. Nikamuuliza tofauti gani. Akawasha foklifti.

Nyumbani ikawa mtihani mwingine. Mwanao alikuwa na miaka minane, na jezi yake ya 26 nilimnunulia kwa hela ya zamu za ziada, imezidi mabega ili aikulie. Amewaona wale wachomaji kwenye simu ya mama yake. Akaja jikoni ameishika mikononi kama sahani, "Baba, na sisi tunachoma?" Mama yake akaniangalia, nikajua jibu likiwa baya nalala kwenye kochi. Nikamwambia sisi hatuchomi nguo. Akauliza, "Kwa hiyo bado tunampenda?" Sikumjibu. Nikafungua friji nikaangalia ndani, hakuna nilichokuwa natafuta.

Ndiyo maana sikukucheka Julai, ingawa deni lako nilikuwa nalo. Niliposikia ile sauti yako unasema "Mwamba wa Lusaka, Mwamba wa Lusaka ametuuza," nilitaka kukuuliza kama ni yeye aliyeuza au mkataba wake uliisha na watu wenu wakabaki wanaangaliana. Nikanyamaza. Msiba haulizwi maswali siku ya kwanza.

Halafu ile wikendi ya Oktoba, unaikumbuka? Jumamosi tarehe 19 wewe uko kwa Mkapa, mnafungwa moja na Yanga, tena mmejifunga wenyewe. Mimi huku ni asubuhi, nakula uji nakutumia pole. Jumapili ikawa zamu yangu. Mzee wa foklifti alipata tiketi mbili, tukaenda mpaka East Rutherford, uwanjani kwetu, Philadelphia ndio wageni. Kila Saquon alipogusa mpira uwanja ulizomea. Na mimi nilizomea, nisikudanganye. Unazomea huku macho yanamfuata kwa tamaa, kama mtu anayemtukana mke aliyemwacha huku anaona gauni limempendeza. Mipira 17, yadi 176. Mwishoni wakampumzisha, kazi ilikwisha. Tukafungwa 28 kwa 3. Mzee hakuongea njiani kote. Kwenye treni akasema neno moja tu, "Milioni 160," akageukia dirishani. Novemba Daniel Jones naye akaachwa.

Baada ya hapo nikaacha kujifanya simwangalii. Novemba mwanzoni, dhidi ya Jacksonville, alidaka mpira, akamkwepa mmoja, akazunguka, na mwingine alipoinama kumkamata miguu yeye akaruka juu yake kinyumenyume. Mgongo mbele, swahiba! Hakumwona yule mtu, alimruka kwa kumhisi. Mwanao akapiga ukelele nyumba nzima, kisha akajishika mdomo na kuniangalia kama kavunja glasi. Nikamwambia rudisha nyuma tuone tena. Tukarudisha mara kumi na ngapi sijui.

Tarehe 5 Januari, mechi ya mwisho ya ligi, wapinzani wao ni sisi tena. Alikuwa na yadi 2,005. Rekodi ya Eric Dickerson, ya mwaka 1984, ni 2,105, kwa hiyo zilibaki 101 tu aivunje, na mbele yake kuna timu iliyomruhusu 176. Kocha wake akamkalisha apumzike kwa ajili ya mtoano. Wakatufunga 20 kwa 13 na vijana wa akiba. Nilifarijika kwamba hakuivunjia mgongoni kwetu, halafu nikaona aibu kwa kufarijika, maana alistahili. Sisi mechi 17, tumeshinda tatu.

Jumapili hii sasa, kwenye fainali kule New Orleans, siku aliyotimiza miaka 28. Ile miaka ambayo ofisi yetu ilisema miguu inakuwa imekwisha. Kansas City walijipanga kumbana yeye, akapata yadi 57 tu, lakini waliokazana naye wakawaacha wenzake, 40 kwa 22. Ukijumlisha ligi na mtoano alifikisha 2,504, hakuna aliyewahi kufika huko kwa msimu mmoja.

Kabla ya mechi mwanao alitokea sebuleni amevaa ile jezi ya bluu. Imeshakuwa ndogo, tumbo nje. Mama yake akamuuliza, "Wewe leo uko timu gani?" Akasema, "Niko ishirini na sita." Basi tukakaa. Walipoinua kikombe sikupiga makofi na sikuzima televisheni.

Jana kazini kabati la mzee lilikuwa wazi. Stika ipo pale pale. Hakuirudisha kwenye foklifti, lakini nilimkuta anafuta vumbi kwenye mlango ule kwa kiganja cha mkono, na mlango wenyewe hauna vumbi.

Sasa nijibu jambo moja na unijibu kweli. Ile nyekundu yako ya 17 iko wapi? Mwaka jana uliniambia umempa fundi wa pikipiki afutie mikono. Shemeji kaniambia mengine kabisa, ametaja begi na juu ya kabati. Sitasema kwa mtu.

Wako wa tangu Magomeni.

Nimesahau kukwambia: kikwangulio kimepatikana, kilikuwa ndani ya kiatu changu.