Mheshimiwa DC, tufungulie ng'ombe kwanza, Sokoine tutamsifia baadae

Mheshimiwa Mkuu wetu wa Wilaya, shikamoo. Za kazi.

Mimi ni yule mama wa shanga nyingi uliyenipungia mkono tarehe 12 Aprili kwenye kumbukumbu ya marehemu Sokoine. Ulihutubia vizuri jamani, makofi tulipiga mpaka viganja vikauma. Mtoto wa wafugaji wa Monduli, kazaliwa 1938 enzi za Mwingereza, TANU 1961, ubunge 1965, uwaziri mkuu 1977, na ile 1983 alivyowabana walanguzi mpaka watu wanatupa sukari na sabuni usiku. Ulipofika kwenye ile ajali ya gari ya Dakawa iliyomuua hata sauti yako ilikauka. Nikasema huyu ni wa kwetu.

Siku tano baadae mgambo wakazoa ng'ombe wetu 23. Eti tumevuka mpaka, mpaka gani sasa na hiyo bikoni hakuna aliyewahi kuiona? Faini laki moja kila kichwa, risiti hakuna. Wengine wanasema kuna mwekezaji, wengine wanasema ni mgambo tu na njaa zao, mimi sijui. Ninachojua tunapeleka ng'ombe mtoni kule mbali kwa sababu lambo hakuna, na lambo uliliahidi wewe mwenyewe mwaka juzi, ukasema kabla ya kiangazi. Kiangazi kipi hukusema, kosa letu hatukuuliza.

Mwingereza naye alitutesa ila 1958 alipotaka kuwatoa wazee wetu Serengeti angalau aliwaita wazee 12 akawawekea karatasi wasaini. Sisi hata karatasi hatukuona mheshimiwa, tuliona vumbi tu.

Sokoine alikuwa waziri mkuu na bado alikuwa mfugaji, sasa nauliza, angekuwa hai leo na yeye mngemkamatia ng'ombe halafu jioni mumwalike mgeni rasmi?

Nyumbani nimebaki na ndama wa ng'ombe wangu Narok, ana wiki mbili. Mama yake yuko kwenye zizi lenu nyuma ya ofisi, maziwa yanamwagika chini huko. Nampa uji kwa chupa ya soda anautema, usiku kucha analia na mimi silali. Mama yake najua utakuwa unamsikia, dirisha lako si linatazama huko huko.

Naomba ng'ombe wetu mheshimiwa. Wote 23. Kama hao wengine mpaka kikao sawa tutasubiri, lakini Narok mfungulie leo.